Kabla hujamchora mchawi, soma hii kwanza

Niaje wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, ama umejificha bosi asikuone. Leo siongelei mahusiano wala njia saba za kuomoka kabla ya Krismasi. Leo tunachora. Na hatuchori ua kwenye chupa kama tulivyofanyishwa darasa la nne. Tunachora wachawi wawili juu ya mlima, usiku, fimbo inawaka, na kitu cha ajabu kinakuja kwa mbali. Ile aina ya picha ukiiona unasema, "Hii ni ya watu wenye kipaji, mimi siwezi."

Unaweza. Mimi nilianza bila kujua chochote na nitakuonyesha hatua kwa hatua. Lakini katikati ya safari kuna jambo lilinitokea kwenye geti ya ploti yetu, na bila hilo jambo singekuwa naandika hii makala. Kwa hivyo usiruke aya.

Kwanza unijue. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea umeme, karo ikakataa kupatikana, nikaambiwa nisiingie kwa mtihani. Nilirudi kwa mathe Umoja na begi moja. Siku hizi nashika saiba ya jamaa fulani: nachapishia watu vyeti, nawajazia fomu za KRA, natoa fotokopi za vitambulisho. Kazi yenyewe si ya kujivunia sana, ila ina jambo moja zuri. Karatasi zikiharibika kwa printa, upande wa nyuma unabaki msafi, na bosi alishasema nizichukue tu.

Kwetu pia kuna mpwa wangu, ana miaka tisa. Mamake, yaani dadangu, yuko Saudi Arabia kwa kazi, anapiga simu za video Ijumaa kwa Ijumaa. Siku moja huyo kijana alinipata nikichora visanduku vya saketi, zile za darasani, kwa sababu mkono bado umezizoea. Akaniambia, "Anko, si uchore wachawi wakipigana, tumtumie mum?"

Hapo ndipo mambo yalianzia.

Vifaa: hakuna kisingizio

Unahitaji penseli mbili, raba, kichongeo na karatasi. Basi. Penseli ya kwanza iwe HB, ile ya kawaida ya shule. Ya pili iwe 4B ama 6B. Herufi hizo zina maana: H ni ugumu, B ni weusi. Namba ikipanda upande wa B, ncha inazidi kuwa laini na nyeusi. HB ni ya kutafuta umbo, maana inafutika kwa urahisi. 4B ni ya giza, na usiku wenye wachawi unahitaji giza la kutosha.

Ukikosa 4B, endelea na HB na upitie sehemu za giza mara tatu nne. Usinunue seti ya penseli ishirini na nne kisha uziangalie tu. Nimeona watu wakifanya hivyo, na penseli zao bado ni ndefu.

Masanduku madogo kwanza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na kofia. Nilichora kofia nzuri sana, saa nzima, halafu nikagundua mwili hautoshi kwenye karatasi. Mchawi wangu aliishia magotini.

Fanya hivi badala yake. Chora masanduku sita, kila moja liwe na ukubwa wa kiberiti. Ndani ya kila moja panga picha yako kwa dakika moja pekee. Usichore uso wala vidole. Weka pembetatu pale mchawi atasimama, mkunjo wa mlima, duara la mwezi. Sanduku moja mchawi awe mkubwa na karibu, lingine awe kadoa kwa mbali, lingine tumwone kutoka mgongoni. Ukimaliza chagua moja.

Kwa nini sita? Kwa sababu wazo la kwanza huwa ni lile lile kila mtu ameshaliona. La pili pia. Kuanzia la nne ndiyo unaanza kufikiria.

Upeo na tabaka tatu

Sasa karatasi kubwa. Chora mstari mwepesi pale anga na ardhi vinakutana. Huo ni upeo wa macho. Usiuweke katikati kabisa, picha itaonekana kama imekatwa na kisu. Gawanya karatasi mara tatu kwa macho yako, uweke upeo kwenye theluthi ya chini ama ya juu. Ukiwa chini unapata anga kubwa na watu wako wanaonekana warefu, wa heshima. Ukiwa juu, ardhi ndiyo inatawala na watu wanakuwa wadogo.

Kisha gawa picha kwa tabaka tatu: mbele, kati na nyuma. Vilivyo mbele huwa vyeusi na unaona kila kitu, jani kwa jani. Vilivyo nyuma hufifia na kupoteza mambo madogo madogo. Hii haihitaji darasa. Panda juu ya paa la ploti yenu asubuhi uangalie Ngong. Mabati ya jirani unaona hadi misumari. Milima unaona umbo tu, rangi ya kijivu na bluu, kwa sababu kati yako na hiyo milima kuna hewa nyingi yenye vumbi na unyevu. Ukikumbuka hilo pekee, mchoro wako utapata umbali hata kama milima yako ni mistari miwili ya mawimbi.

Mtu ni duara, pembetatu na mstari

Kabla ya mwili, chora mstari mmoja uliopinda kuonyesha jinsi mtu amesimama. Ameegemea mbele? Amerudi nyuma kwa mshangao? Mstari huo ndio uti wa mgongo wa picha. Mtu aliyechorwa wima kama mlingoti anaonekana kama alama ya barabarani.

Juu ya mstari weka duara, hicho ni kichwa. Chini yake pembetatu ndefu, hilo ni joho. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba hivi ukivipanga kimoja juu ya kingine. Ukimpa vichwa vinne amekuwa mtoto aliyevaa nguo ya babu. Pima na penseli yako, usione haya, hata waliobobea hupima.

Mkono unaoshika fimbo huwatesa wengi. Usianze na vidole. Chora kwanza umbo kama glavu ya mwokaji, kidole gumba upande mmoja na vingine vyote pamoja. Pitisha fimbo ndani yake, halafu ndiyo utenganishe vidole kwa mistari mitatu mifupi. Na hiyo fimbo usiipige na rula. Ikiwa imenyooka sana itaonekana mti wa ufagio. Ipinde kidogo, iweke fundo moja ama mawili kama tawi lililokatwa msituni.

Nilifuata hizo hatua zote. Baada ya wiki mbili nilikuwa na picha. Mzee mrefu, kofia ya ncha kali, ndevu nyeupe hadi kiunoni, nyusi zimeshuka kama mbawa za mwewe, kucha ndefu. Macho niliyapaka na biro nyekundu. Mwanga nikauleta kutoka chini, moto miguuni pake. Mpwa wangu alipiga kelele ya furaha. Mathe, ambaye kila Jumatano yuko kwenye maombi, aliangalia mara moja akasema, "Hicho kitu kisilale hapa ndani."

Nikakitoa nje. Na hivyo ndivyo kilifika kwa soja.

Mzee wa geti

Soja wetu ni mzee wa Kilifi, upande wa Ganze. Ni mpole, anajua jina la kila mtoto wa ploti, na nywele zake ni nyeusi ti kuliko zangu. Nilikuwa nimemletea chai, karatasi iko kwapani. Akaniuliza ni nini, nikamwonyesha nikitarajia sifa.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwa taa. Akakaa kimya kiasi cha kunitia wasiwasi.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

"Ni mchawi, mzee. Wa hadithi tu."

"Umejuaje ni mchawi?"

Nikaanza kumwelezea: si unaona mvi, mzee, na macho mekundu, na fimbo, na vile amezeeka. Nilivyokuwa nikitaja ndivyo sauti yangu ilivyokuwa ikipungua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu na fimbo yake ya ulinzi, na macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye halali usiku.

Alinirudishia karatasi polepole. Akasema, "Kwetu, ukiwa na mvi na macho kama haya, huhitaji hiyo kofia."

Ndipo akaniambia kwa nini nywele zake ni nyeusi. Anazipaka rangi. Alianza akiwa bado kijijini, baada ya mtoto wa ndugu yake kufariki kwa ugonjwa na minong'ono kuanza. Kulikuwa na shamba pia, akasema, maneno kama hayo mara nyingi huwa na shamba nyuma yake. Mzee mwenzake, jirani, aliuawa kwa panga. Yeye alipanda basi usiku huo huo. Sasa yuko Nairobi ambapo hakuna anayejali umri wake, lakini kila baada ya wiki chache bado anapaka, kwa mazoea.

Sikuwa na la kusema. Nilikunywa ile chai yangu ikiwa imepoa.

Nikienda kazini kesho yake nilisoma zaidi, maana kukiwa hakuna wateja saiba huwa na intaneti ya bure. Haya mambo si ya mzee mmoja. Kule Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee waliosingiziwa uchawi hupewa hifadhi kwa sababu hawawezi kurudi kwao. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa madai hayo hayo. Na kumbe tangu 1925 tuna Sheria ya Uchawi iliyoandikwa na wakoloni, na mojawapo ya mambo inayokataza ni kwenda ukimtangazia mtu kuwa ni mchawi. Miaka mia moja hivi iko kwa vitabu, na mzee bado anapaka nywele.

Neno moja, mizigo mingi

Nadhani shida yangu ilianza kwa lugha. Kwa Kiingereza, huyo mzee wa kofia ndefu ana jina linalosikika kama sifa. Ukiwa mtaalamu wa kompyuta wanakuita hivyo hivyo. Sisi tukitafsiri tunakimbilia "mchawi", na mchawi kwa Kiswahili si mtu wa kuchekwa naye. Mchawi anadhuru. Anayetibu ni mganga. Anayetazama yaliyofichika ni mwaguzi. Anayesema yatakayokuja ni mtabiri. Anayetoa njiwa kwenye kofia mbele ya watoto anafanya mazingaombwe. Maneno matano, watu watano tofauti, na mimi niliwatia wote kwenye gunia moja nikalipaka macho mekundu.

Hata yule mzee wa kofia ana asili yake. Anayejulikana zaidi ni Gandalf, aliyeandikwa na Mwingereza J.R.R. Tolkien katika The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937 ambacho Tolkien alikichorea picha yeye mwenyewe. Tolkien alisema kwamba akimfikiria Gandalf anamwona msafiri wa namna ya Odin, mungu wa kale wa watu wa Skandinavia, ambaye kwenye hadithi hutembea akijifanya mzee mwenye kofia pana na fimbo. Yaani yule jamaa alichora mzee wa hadithi za upande wao. Hakukuwa na ubaya. Ubaya ni mimi, mtoto wa Umoja, kumchukua mzee wa watu wengine nikadhani ndiye pekee aliyepo.

Nikajiuliza: sisi wetu ni nani?

Jibu lilikuwa limevaa jezi ya kijani mbele yangu. Jamaa alikuja kutoa fotokopi siku ya mechi. Gor Mahia! Timu hiyo ilianzishwa 1968, na imepewa jina la mtu, Gor wa Kanyamwa, upande wa Homa Bay. Mahia kwa Dholuo ni maajabu. Ni kama kusema Gor wa Maajabu. Hadithi zake ni nyingi, kwamba aliweza kujigeuza maumbo mbele ya watu. Kila wikendi maelfu wanaimba jina la mtu wa maajabu uwanjani na hakuna anayeogopa.

Na wa pili ananiangalia kila nikipita Mombasa Road: Syokimau. Wewe unajua ni stesheni, ilifunguliwa 2012, na unajua kuna nyumba za watu wenye doo. Lakini Syokimau alikuwa mwanamke wa Ukambani, mtabiri, aliyesema kwamba nyoka mrefu atatoka upande wa bahari mpaka ziwani. Wakikuyu nao wanasimulia utabiri wa nyoka wa chuma kutoka kwa Mugo wa Kibiro. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901. Fikiria mandhari: mwanamke mzee amesimama juu ya jiwe, anaona garimoshi ambalo bado halijaja. Nani anahitaji joka la Ulaya?

Tuchore upya

Haya, karatasi mpya. Picha yetu ni hii: upande wa kushoto Gor juu ya kilima, kulia Syokimau juu ya jiwe, kati yao bonde, na kutoka upeoni anakuja nyoka wa chuma. Hawa wawili hawakuwahi kukutana, najua. Ndiyo raha ya kubuni.

Anza na masanduku sita tena. Mimi nilichagua lile lenye upeo juu, ili bonde liwe kubwa na nyoka apate nafasi.

Mchore nyoka kwanza, kwa sababu yeye ndiye njia ya macho. Chora herufi S kubwa iliyolala, ianzie upeoni na iishie karibu na kona ya chini. Kisha ongeza mstari wa pili pembeni yake. Kule mbali iwe nyembamba kama uzi, ikikaribia iwe pana kama kidole gumba. Hapo tayari una kitu kinachotoka mbali kuja kwako. Kikate kwa mistari ya kukingama upate mabehewa. Mistari hiyo iwe karibu karibu kwa mbali na iachane ikikaribia. Mbele mpe kichwa, nusu nyoka nusu injini, na moshi. Magamba yaweke kwa mabehewa mawili ya mbele tu. Jicho la mtazamaji litajaza mengine lenyewe.

Kisha watu. Hakuna picha ya kamera ya Syokimau ninayoijua, kwa hivyo hakuna wa kukuambia umekosea pua. Mimi nilimpa shuka begani, shanga, na mgongo ulioinama kidogo. Gor nilimpa ngozi begani na mkono ulioinuliwa. Na kwa sababu anajigeuza, kivuli chake chini hakikufanana naye: nilikichora kivuli cha chui. Hiyo mbinu ni rahisi na inafanya picha ionekane ya ajabu papo hapo. Mtu wa kawaida, kivuli cha kitu kingine.

Mwanga ndio unaamua

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hili ndilo nililojifunza kubwa kuliko yote.

Chukua tochi ya simu, ingia bafuni, zima taa, iweke chini ya kidevu ujiangalie kwa kioo. Unatisha, sindiyo? Macho yameingia ndani, pua ina kivuli kinachopanda juu. Sasa inua tochi, iweke juu kidogo ya kichwa, upande mmoja. Ni wewe yule yule, lakini sasa unaonekana mtu wa kuaminika. Tumezoea mwanga wa jua kutoka juu, ndiyo maana uso uliomulikwa kutoka chini unaonekana una njama.

Mzee wangu wa kwanza hakutisha kwa sababu ya mvi. Alitisha kwa sababu mimi niliweka moto chini yake, nikashusha nyusi, nikarefusha kucha. Kwa hivyo kwa picha ya pili niliacha mvi zote, nikaacha makunyanzi yote, nikabadilisha mambo matatu tu. Fimbo ya Gor inawaka kwa juu, imezidi kichwa chake kidogo. Nyusi zimepanda badala ya kushuka. Na macho hayakuangalii wewe, yanaangalia bondeni, yanamwangalia nyoka. Mzee akikukodolea macho unahisi anakutaka. Mzee akiangalia kitu kingine, unataka kujua anaona nini.

Namna ya kuutia mwanga: usijaribu kuuchora. Mwanga kwenye mchoro wa penseli ni karatasi yenyewe. Acha duara jeupe kwenye ncha ya fimbo bila kugusa kabisa, kisha paka giza kulizunguka, polepole, likiongezeka kadiri unavyokwenda mbali. Kila kitu kinachoelekea fimbo kiwe cheupe, kila kinachoipa mgongo kiwe cheusi. Tumia viwango vitatu pekee: karatasi tupu, kijivu cha HB, na weusi wa 4B. Ukichanganyikiwa, fumba macho nusu uangalie picha. Kama bado unaona maumbo makubwa, uko fiti. Kama imekuwa uji wa kijivu mtupu, ongeza weusi mbele.

Makosa yangu, ili usiyarudie

Usizungushie kila kitu mstari mzito. Milima ya nyuma haihitaji mstari, inahitaji kivuli chepesi tu.

Usisugue kwa kidole ili "ilainike". Mafuta ya ngozi huacha madoa ambayo raba haitoi. Tumia karatasi ya shashi ama uache mistari ionekane, haina neno.

Weka karatasi nyingine chini ya kiganja unapochora. Nilimpoteza Syokimau wa kwanza kwa kumpaka na mkono wangu mwenyewe.

Usichore kila jani. Chora vishada vitatu vya nyasi mbele, vizuri, na watu wataamini bonde lote lina nyasi.

Na usifute picha mbaya ukaitupa. Andika tarehe nyuma uiweke. Baada ya mwezi utaitoa ucheke, na huko kucheka ndiko kutakuonyesha umetoka wapi.

Je, kuna pesa? Nitakuwa mkweli, mpaka sasa nimechorea watu wawili kadi za siku ya kuzaliwa, na mmoja bado ananidai pole kwa sababu nilimchorea pua kubwa. Sijaacha saiba. Lakini chuoni niliambiwa sikustahili kuingia kwa chumba cha mtihani, na hapa nyuma ya karatasi zilizoharibika hakuna aliyeniuliza salio la karo.

Ile picha ilipoisha nilimwonyesha mathe kwanza, nikiwa tayari kukimbia. Mathe ni Mkamba. Aliweka miwani, akaangalia, akagusa yule mwanamke wa jiwe. "Huyu ni Syokimau," akasema. Halafu akaketi chini akaanza kumsimulia mpwa wangu vile nyanyake alivyomsimulia yeye. Nilikuwa sijawahi kusikia hata neno moja la hizo hadithi. Miaka ishirini na minne tumeishi nyumba moja.

Ijumaa tukamtumia dadangu. Alijibu kwa sauti, akilia na kucheka, akiuliza kama hicho ni chui.

Kisha nikatoa fotokopi moja, nikashuka getini. Mzee aliisogeza kwa taa kama mara ya kwanza. Akamkagua Gor kwa muda: mvi, makunyanzi, fimbo.

"Na huyu naye ni mchawi?"

"Hapana, mzee. Huyu ni mtu wa maajabu."

Akaangalia tena. "Mvi umeziacha."

"Nimeziacha, mzee."

Hakusema lingine. Asubuhi nikienda kazini niliona ameibandika ndani ya kibanda chake, juu ya redio. Nywele zake bado ni nyeusi, lakini pale masikioni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nyeupe imeanza kuonekana, na wiki inaisha bila yeye kuipaka.

Sasa wewe. Chukua karatasi, chora masanduku sita. Kabla ya sanduku la kwanza muulize mtu mzima wa kwenu: kwetu, nani alikuwa mtu wa maajabu? Ukishapata jibu, mpe fimbo yake, na mwanga uuweke juu.